Bangili ya Mama Yake Ngau

Mliokosa gazeti la wiki jana nawapa pole, lakini sirudii yote. Shikeni haya tu. Jina langu ni Szeto Mei-fong. Nilikuwa mwanafunzi wa Fundi Poon, mjuzi wa jade, yale mawe ya kijani, na vito vya zamani, pale Barabara ya Canton, Kowloon. Nilikuwa nimefunga aproni yangu kama siku zote, napangusa hereni za watu, mara wanaume wawili wakaingia dukani, wakamtandika fundi wangu kigoda cha uso, wakatukokota sote wawili hadi kwenye gari la kubebea mboga.

Hawakuchukua hata pete moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba hawa si wezi, na nikaogopa zaidi.

Walitushusha nyuma ya mkahawa wa bata bukini wa kuoka. Mwenye mkahawa ni Bwana Ngau. Mtaani kwetu Bwana Ngau hakuwa na cheo chochote, lakini sijawahi kumwona mtu akimpita bila kusimama na kumwamkia.

Wateja wa mchana walikuwa wameshaondoka. Jikoni bata walining'inia kwenye kulabu, mafuta yakichuruzika ndani ya ndoo, na feni kubwa ikivuta moshi kwa kelele. Katikati palikuwa na gogo la kukatia nyama, na juu ya gogo kisu cha bucha, kile kipana. Ngau alikuwa akijifuta mikono kwa taulo.

"Fundi Poon," akasema. "Umeshakula?"

"Nimekula, ahsante," akajibu fundi wangu. Damu ilikuwa inamtiririka kutoka puani hadi kwenye kola, na mzee wa watu anajibu salamu!

"Vizuri. Juzi nilikuwa na karamu ya uchumba wa mwanangu. Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Nikatoa bangili ya marehemu mama yangu, nikamvisha mkwe wangu mbele za watu. Yule binti ana mjomba wake, naye ni muuza jade kama wewe. Akaomba aitazame. Akaifunga uzi, akaigonga. Unajua ilisema nini?"

Fundi Poon akajifuta damu kwa mkono wa shati.

"Ilisema *tok*. Utadhani amegonga mlango wa choo. Watu wakacheka, Fundi. Wamenicheka mimi, kwenye karamu niliyoilipia mimi."

Akatoa bangili mfukoni, akaninyooshea. "Wewe mwanamke. Shika. Niambie hii ni kitu gani."

Mikono yangu ikakimbilia mgongoni.

Wasomaji wangu, msinielewe vibaya. Sikuwa nafanya jeuri. Kwetu jade haipokezwi mkono kwa mkono, hata kama anayekupa ni mama yako mzazi. Anayetoa huiweka mezani. Anayepokea huitazama kwanza ikiwa pale pale, akaridhika, ndipo huinyanyua. Ukishainyanyua ni yako na mikosi yake: ina ufa, ufa wako; si yenyewe, wewe ndiye uliyekubali kuwa ni yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza dukani Fundi Poon hakunifundisha rangi wala bei. Alinifundisha hilo tu, kwa fimbo ya mwanzi kwenye vidole, hadi mikono ikazoea kujificha yenyewe.

"Weka mezani, Bwana," nikasema.

 Mmoja wa wale wawili waliotuleta, jitu la Ngau liitwalo Ah Gau, akanizaba kofi. Nikaona giza, nikaona nyota, nikajikuta nimekaa sakafuni kwenye mafuta ya bata.

"Shika!" akasema Ah Gau.

"Weka mezani, tafadhali, Bwana," nikasema, jino likicheza mdomoni.

Ah Gau akainua mguu anipige teke. Ngau akamzuia. Alikuwa anacheka.

"Mwache. Angalau huyu kafundishwa kazi." Akaiweka bangili juu ya gogo, taratibu kabisa. "Haya, mwenye adabu. Tazama."

Nikainuka. Nikaomba tochi, nikapewa. Nikaichungulia pale pale, nikainyanyua, nikaipitisha mwanga kwa chini. Kijani chake kilikuwa kizuri mno, kimetakata bila hata doa, na hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Nikatoa lenzi kwenye mfuko wa aproni. Juu ya ngozi ya jiwe kulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyosukana kama utando wa buibui. Nikachomoa uzi kwenye aproni, nikaitundika, nikaigonga kwa sarafu.

*Tok.*

"Imepikwa," nikasema. "Imelowekwa kwenye tindikali hadi uchafu wote ukatoka, kisha ikajazwa gundi. Kwa macho inapendeza. Baada ya miaka michache itageuka manjano."

"Na ile niliyoleta dukani kwenu?"

"Ile ilikuwa ya kweli. Nilikuwepo ilipowekwa mezani. Ni ya zamani, enzi za wafalme, imechongwa mviringo kotekote. Siku hizi hawachongi hivyo, wanaona wanapoteza jiwe. Ina doa la kahawia upande mmoja, dogo kama punje ya ufuta. Fundi alipoigonga ilitoa mlio nikausikia kwenye meno."

Ngau akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anajua jibu na alitaka tu kulisikia kwa mwingine.

"Mama aliivaa tangu akiwa msichana," akasema. "Alinizaa nayo, akapika nayo, akanichapa nayo. Niliitoa mkononi mwake mimi mwenyewe siku alipokufa, kwa mafuta, kidogo kidogo, maana sikutaka hata kumkwaruza. Nikaileta kwako, Fundi Poon, uioshe na kuipaka nta. Ikarudi kwenye sanduku lenye lakiri yako, na lakiri niliivunja mimi pale karamuni. Sasa niambie. Nani mwingine ninayeweza kumshuku?"

"Hakuna," akasema Fundi.

"Hakuna. Kwa hiyo ni mtu wa dukani kwako. Ni wewe, au ni huyu, au ni binti yako. Sitaki duka lenu, sitaki roho zenu. Aliyebadilisha bangili ya mama yangu ataniambia ilipo, na ataacha mkono wa kulia hapa." Akapiga gogo kwa kiganja. "Tukimaliza, kila mtu atarudi kwake."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayepanga siku ya kuleta mchele. 

"Ni mimi," akasema Fundi Poon.

"Wewe?"

"Mimi. Niliona tamaa. Kata."

Akaweka mkono wake wa kulia juu ya gogo bila kulazimishwa. Ule mkono, jamani! Mwenyewe angeweza kufumba macho, ule mkono ukapewa shanga, ukasema hii ni ya kuchimbwa kaburini na hii imezikwa na tapeli mwaka juzi. Wazee wa makumbusho walikuwa wakipanda feri kuja kuuuliza maswali. Nikalia. Sikuona aibu kulia, nikalia kwa sauti.

Ngau akauangalia ule mkono, kisha akamwangalia mwenyewe.

"Mwongo," akasema. "Wewe ungetaka kuniibia ungeiba kwa akili. Ungeniambia mapema kwamba ya mama ni mbovu, nami ningekuamini, ningekuachia bure na kukushukuru juu yake. Anayekujua wewe hawezi kuamini kwamba ungefunga takataka hii kwa lakiri yako mwenyewe. Unamfichia mtu. Ah Gau, msaidie mzee akumbuke."

Ah Gau akaukamata mkono wa kushoto wa Fundi, akaulaza kwenye gogo, akageuza kisu ubapa, akapiga.

Nilisikia mifupa. Fundi hakupiga kelele. Aliinama pembeni, akatapika tambi zake za mchana kwenye viatu vya Ah Gau.

"Viatu vyangu!" akafoka Ah Gau, akampiga tena. Safari hii Fundi alilia.

"Ni mimi," akasema, sauti imekwisha. "Ni mimi tu."

"Nani, Fundi?"

"Mimi."

Na mimi nimesimama pale, najua.

Ndiyo, nilijua. Nilianza kujua Ngau alipotaja bangili, na nilipoisikia ile *tok* nikawa na hakika. Siku bangili ya Ngau ilipokuwa tayari, Fundi alikuwa amekaa mezani, bakuli la tambi mbele yake. Bintiye Lai-kuen akatoka chumba cha nyuma alikokuwa anaipaka nta. Sinia lilikuwa pale, kitambaa chekundu kimetandikwa. Lai-kuen akalipita sinia, akamtia babake bangili kiganjani. Na Fundi Poon, yule yule aliyenivimbisha vidole mwaka mzima, akafunga kiganja, akaitia sandukuni, akayeyusha lakiri juu yake, huku anamuuliza mtoto kama kikohozi kimepungua. Hakuitazama. Alikuwa anamtazama mwanawe.

Mwanafunzi hamsahihishi fundi wake. Niliendelea kufagia.

Basi nikiwa pale jikoni hesabu ilikuwa rahisi. Nikisema, nimemwokoa Fundi, na Lai-kuen amekwisha. Nikinyamaza, Ah Gau ataendelea kupiga hadi mzee afe. Lai-kuen nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Alikuwa ananiita dada. Nilifungua mdomo nikaufunga, nikaufungua tena.

Sijui ningefanya nini, kwa sababu mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia Lai-kuen mwenyewe.

Watu wa sokoni walikuwa wamemwambia. Amekuja mbio, nywele zimemwangukia usoni, na joto lile la kiangazi yeye amevaa sweta ya mikono mirefu. Mkono wa kushoto ameukumbatia tumboni kama mtu anayeumwa.

"Mjomba Ngau!" akalia, akapiga magoti kwenye mafuta. "Mwachie baba yangu! Ni mzee, Mjomba, atakufa!"

"Aniambie nani, nitamwachia."

"Sijui, Mjomba! Hatujui!"

"Lai-kuen, rudi nyumbani," akasema Fundi. Hata kichwa hakuweza kukiinua. "Nani kakuita huku? Toka!"

"Siendi popote!"

"Toka, we mtoto!"

Akatambaa kwa babake. Ah Gau, bado ana hasira za viatu, akamsukuma kwa goti. Lai-kuen akapepesuka, akaenda kikumbo kwenye meza ya chuma wanapopakulia, akaushika ukingo kwa mikono yote miwili asianguke.

*Tiiing.*

Wasomaji wangu, sauti ile mimi nitazikwa nayo. Ilikuwa ndogo, safi, na ndefu. Ilipita juu ya feni, juu ya ndoo, juu ya kilio chetu sote.

Ngau hakugeuka. Kwake yeye jikoni kuna bakuli, kuna kulabu, kila kitu kinalia. Ah Gau alikuwa anapangusa kiatu. Lakini ndani ya jiko lile palikuwa na watu watatu waliofunzwa kusikiliza mlio huo tu na kuuacha mwingine wote. Lai-kuen akauvuta mkono wake tumboni upesi, uso umemkauka. Mimi nikamtazama. Na Fundi Poon, ambaye alikuwa hawezi kuinua kichwa, akakiinua.

Alimwangalia mwanawe. Nikaona anaelewa. Nikaona anakumbuka sinia, na kitambaa, na kile kikohozi. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile mbele yangu, na ule ulikuwa tayari umevunjwa kwa kigoda.

Kisha akanitazama mimi.

"Ni huyu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Bwana Ngau, nimechoka. Ni huyu mwanafunzi wangu. Mei-fong ndiye aliyebadilisha."

"Fundi!" nikapiga kelele. "Fundi Poon! Unasema nini?"

"Nilikuwa namfichia kwa sababu nimemlea. Hana baba."

"Fundi, niangalie! Niangalie mimi!"

Hakuniangalia. Nilikuwa nimempikia chai huyo mtu kila asubuhi. Nilimfulia soksi mke wake alipokufa. Nilipokuwa na homa alikaa kando ya kitanda changu, ananisomea sifa za mawe kama mtu anayemsomea mtoto hadithi. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda baba yangu. Kofi la Ah Gau halikuniuma hata robo ya maneno yale.

Ngau akanitazama kwa muda. Akamtazama mzee. Safari hii aliamini, maana mzee alikuwa analia kweli.

"Kumbe mwenye adabu," akaniambia. "Mezani, mezani, kumbe wewe ndiye."

"Si mimi, Bwana. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Ipo wapi?"

"Si mimi!"

"Utakumbuka ukishaona damu yako. Ah Gau, mlete."

Nikapigana. Nilimng'ata Ah Gau mkononi hadi nikaonja chumvi. Akanigonga kichwa kwenye gogo, mara moja tu, na ikatosha. Nilipopata fahamu shavu langu lilikuwa limelala kwenye mbao, linanuka bata, na mkono wangu wa kulia umenyooshwa mbele ya macho yangu. Ngau mwenyewe ameshika kisu.

"Bwana Ngau!" Fundi Poon alikuwa amepiga magoti, ameushikilia mkono wake uliovunjika kifuani. "Tafadhali. Wa kushoto. Mchukue wa kushoto. Wa kulia bado ana kazi nao. Ana kipaji, Bwana, sijapata kumfundisha mwingine kama yeye. Mwachie wa kulia."

Hebu msikieni! Amenichinja, halafu anaombea kiungo kisiharibike.

"Nilisema wa kulia," akajibu Ngau. Mzee akataka kunitupia mwili wake, au kumtupia Ngau, sijui. Ah Gau akaniachia, akamrukia, akamkaba shingo. Nami nikaanza kujinasua.

"We binti," Ngau akamwambia Lai-kuen. "Huyu ndiye aliyesababisha baba yako avunjwe vidole. Njoo umshike asitikisike."

Lai-kuen hakusogea.

"Hutaki? Kwa nini hutaki?"

Akaja. Hakuwa na namna. Akasimama upande wa pili wa gogo, akainama juu yangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Na kupitia kitambaa cha sweta nikaihisi, nzito, ya mviringo, ya baridi, imekaa juu ya mfupa wa mkono wangu. Jade ya kweli haipati joto upesi hata ikivaliwa.

Nywele zake zilikuwa zimetufunika nyuso. Midomo yake ilikuwa karibu na sikio langu.

"Nilitaka kuivaa siku moja tu," akanong'ona. "Siku moja, dada, nirudishe. Haitoki. Nimejaribu sabuni, nimejaribu mafuta, nimeufunga mkono barafu. Ikabidi nitafute ya kuweka badala yake. Haitoki, dada."

Nikaelewa, na heri nisingeelewa. Ngau hatavunja bangili ya mama yake ili kunusuru kiganja cha mwizi. Atakata wa kushoto aitoe, kisha atakata wa kulia kama alivyoahidi. Lai-kuen atatoka mlango ule hana mkono hata mmoja wa kumshikia babake. Wangu ni mmoja tu. Lakini wangu ni wangu, na sikuiba kitu.

Machozi yake yalikuwa yananidondokea shingoni. Upande wa pili wa jiko Fundi Poon alikuwa amefumba macho.

Ngau akakiinua kisu juu ya bega.

"Una neno la mwisho, mwenye adabu?"

Vidole vya Lai-kuen vikanibana.

"Ninalo," nikasema. Neno lenyewe mtalipata gazeti la wiki ijayo.